Elkanah na Vyoo Vizima vya Kandara

Elkanah Kegode alikwenda Saudia pamoja na mke wake, na kwa jambo hilo peke yake watu walimwonea wivu. Miaka ile maajenti walikuwa wakipita vijijini kwetu Vihiga kama wachuuzi wa vitambaa, wakichukua msichana hapa, kijana pale, mke wa mtu kule, na kila mmoja akaenda kushushwa kwenye mlango wa nyumba asiyoijua. Elkanah na Roselyne walibahatika. Familia moja ya Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, ilitaka dereva na mfanyakazi wa ndani, tena ikataka mume na mke ili kusiwe na maneno. Wakamwacha mtoto wao Alfayo kwa nyanya yake, wakapanda ndege moja, wakakaa viti vilivyopakana.

Al-Malqa ni mtaa wa kuta ndefu. Dereva analala kwenye chumba cha getini, mfanyakazi wa ndani analala juu kabisa, karibu na mashine za kufulia. Mume na mke wale hawakupewa chumba kimoja, na hawakuwa na ujasiri wa kuuliza. Roselyne alimletea chakula kwenye mlango wa pembeni, akasema, "Baba Alfayo, kula kingali moto," kisha mlango ukafungwa. Wakati wa kupeleka watoto shule, yeye alikaa kiti cha nyuma na watoto, naye Elkanah akamwona kwenye kioo. Aliniambia mwenyewe kwamba miaka miwili ya kwanza aliishi na mke wake kwenye kioo cha gari. Alisema hivyo akicheka, lakini nilimwona akigeuka kutazama ukuta.

Halafu hata kioo kikachukuliwa. Bosi wao, Abu Mishari, alikuwa amerithi jumba la zamani huko Jeddah, mtaa wa Kandara, jumba la ghorofa tatu linalopangishwa vyumba kwa vyumba. Harisi wake, yaani bawabu anayekaa chini na kulitunza jumba, alikuwa Myemeni mzee, akarudi kwao. Abu Mishari akamtuma Elkanah ashike nafasi ile miezi miwili tu, mpaka apatikane mwingine. Mwingine hakutafutwa. Elkanah alikuwa mwaminifu mno, na mtu mwaminifu ni vigumu kumbadilisha.

Nilikuwa mpangaji wa ghorofa ya tatu katika jumba hilo. Nilikuwa nimeshakaa Jeddah kabla ya mawimbi haya ya maajenti, nikiendesha wayeti, ndilo jina wanaloita lori la kuuza maji. Nilimjua hata baba yake Abu Mishari, mzee aliyelijenga jumba lile. Mzee yule alikuwa akija siku ya Ijumaa baada ya swala, anatandika mkeka pale uani, anaita mpangaji na hamali na dereva wa wayeti, tunakula wali kwenye sinia moja naye akitumegea nyama kwa mkono wake. Hakuuliza wewe dini gani. Kitu chochote kilichochakaa, zulia, friji, kitanda, alisema, "Mpeni mwenye haja," na hakutaka kujua kimekwenda kwa nani. Mwanawe hakuwahi kukaa kwenye mkeka ule. Amri zake zilikuja kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, na ukitaka kumjibu unajibu kifaa.

Siku zilikwenda, miezi miwili ikawa miaka mitatu. Riyadh si mbali kwa mwenye nafasi. Basi linakwenda kila siku. Lakini jumba haliwezi kuachwa, na mfanyakazi wa ndani hatoki. Mara moja tu Elkanah alitumwa kupeleka funguo fulani Al-Malqa. Alikwenda amenyoa, amevaa shati la kanisani. Alipofika akaambiwa madam amekwenda Taif na watoto, na Roselyne amekwenda nao. Akanywa chai kwenye chumba kilichokuwa chake, mbele ya dereva mpya aliyekuwa akila njugu na kutema maganda sakafuni, kisha akapanda basi kurudi.

Sasa nifike kwenye vyoo.

Mwaka ule bei ya maji ilikuwa imepanda, na kila mwenye nyumba alilia. Jumba la Kandara lilikuwa na vyoo sita vya kukaa, vya zamani, vyenye matangi makubwa kama ndoo ya kuogea mtoto. Ukivuta, maji yanaporomoka kwa kishindo mpaka jirani anajua shughuli yako imekwisha. Abu Mishari alikuja Jeddah kwa safari ya umra, akasimama uani ameziba pua kwa karatasi, akamwita harisi wake.

"Elkana, hivi vyoo vinaninywea mali yangu."

"Ndiyo, baba."

"Kuna ofisi imefungua mpango. Ukiondoa choo cha zamani ukaweka hiki kipya kinachotumia maji kidogo, wanakurudishia sehemu kubwa ya gharama. Badilisha vyote. Simamia mwenyewe mpaka mkaguzi wao aridhike. Unanisikia?"

"Nasikia, baba."

"Ofisi ikilipa, wewe unarudi Riyadh. Yule dereva wangu simtaki, anakimbiza gari kama amebeba kondoo. Na nyuma ya nyumba kuna chumba cha stoo. Nitawapa wewe na Roselyne. Mkae kama watu na nyumba yao. Madam amekubali."

Elkanah hakusema kitu. Aliniambia aliogopa kwamba akifungua mdomo bosi atabadilisha maneno. Jioni alimpigia Roselyne, na Roselyne alikuwa ameshaambiwa na madam.

Sharti la mpango lilikuwa wazi, na Elkanah alilielewa, isije ikasemwa hakulielewa. Choo kipya lazima kiwe kile chenye vitufe viwili, kimoja cha maji kidogo na kimoja cha maji mengi. Choo cha zamani lazima kivunjwe, kisije kikarudi kutumika mahali pengine. Mkaguzi atakuja kuvitazama vipya, kisha atatazama vipande vya vile vya zamani. Basi.

Aliajiri fundi wa Kipakistani, akafanya naye kazi bega kwa bega. Walipiga tindo saruji iliyoshika vyoo chini, wakafungua nati zilizokula kutu, wakaviteremsha kwenye ngazi kimoja kimoja wamevikumbatia. Wapangaji walitukana kwa lugha zote. Mwisho vyoo sita vikasimama uani kwenye jua. Viwili vilikuwa na ufa. Vinne vilikuwa vizima kabisa. Elkanah alivisugua kwa tindikali na brashi ya chuma, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, vikang'aa. Kauri ya zamani ilikuwa nzito, ya mtu aliyedhani wajukuu wake wataitumia.

Alichukua nyundo, akavivunja viwili vyenye ufa. Kisha akasimama mbele ya vile vinne.

Mtu aliyelelewa mjini hataelewa kilichomshika mkono. Bibi yake Elkanah alikuwa mfinyanzi, na katika boma la bibi huyo chombo kizima hakikuvunjwa kwa makusudi ila siku moja tu, siku mwenye chombo anapozikwa. Siku hiyo chungu chake cha kupikia kilitolewa nje, kikapasuliwa mbele ya mlango, na watu wakajua mkono ule haupiki tena. Mtoto aliyevunja chombo kizima kwa mchezo alichapwa, lakini si kwa sababu ya hasara. Alikuwa ameita msiba. Chombo kilichochosha nyumba moja kilipelekwa nyumba nyingine, na nyumba hiyo ikakirithi pamoja na habari zake zote. Siku hizi mambo hayo hayapo. Nimekwenda boma lile, nimekuta ndoo za plastiki zimepasuka zimetupwa nyuma ya nyumba kama majani. Lakini Elkanah alikulia kabla ya plastiki kushinda, na nyundo haikushuka.

"Unaomba dua?" Laban, aliyekuwa ameingia uani, akamwuliza.

Laban alikuwa Mkenya mwenzetu, dereva wa pikapu ya kubeba samani, mkazi wa mtaa wa maskini wa Karantina, mtu wa mizaha hata pasipo na cha kuchekesha.

"Laban, hivi ni vizima."

"Naviona. Vizima kuliko mimi."

"Kule kwenu mnatumia nini?"

"Kule kwetu? Shimo, ndugu yangu. Shimo moja nyumba nzima, na foleni kama ya benki. Kuna mama wa Mombasa, Bi Zeinab, anauza mahamri. Magoti yake yameisha. Akichuchumaa, lazima wasichana wawili wamwinue, mmoja huku mmoja kule. Anatukana mpaka shetani anatoka nje."

Vyoo vinne vikapakiwa kwenye pikapu siku hiyo hiyo. Kimoja kikawekwa kwa Bi Zeinab, Elkanah mwenyewe akakiweka juu ya lile shimo na kukijengea saruji. Viwili vikaachwa kwa mwenye nyumba mmoja aliyesema ataviweka akipata saruji. Cha nne Laban alikiweka nje ya mlango wake, akafunika kifuniko, akawa anakikalia akinywa chai na kuwasalimia wapita njia kama chifu.

Elkanah alirudi Kandara na moyo mwepesi. Alihesabu kwamba mkaguzi atakuta vyoo vipya vimekaa, vya zamani havipo, na lundo la vipande. Nani angeshughulika zaidi ya hapo? Ile ofisi ilitaka maji yapungue jumbani, na jumbani yangepungua.

Mkaguzi alikuwa kijana wa miwani, mpole, mwenye kufuta kiti kabla ya kukaa. Alipanda ghorofa zote, akabonyeza kila kitufe, akaridhika. Kisha akateremka uani akainama juu ya lundo.

"Hivi ni vipande vya vyoo viwili," alisema. "Mlikuwa na sita."

"Vinne vilikuwa vizima."

"Najua vilikuwa vizima. Ndiyo sababu tunalipa vivunjwe."

Mkaguzi akatazama pembe zote za ua.

"Viko wapi?"

Hapo angeweza kusema wezi walichukua, au lori la taka limepita. Mimi ningesema. Lakini alilelewa katika Kanisa la Marafiki, lile la zamani, ambapo mtu hakuapa kwa Biblia kwa sababu neno lake la kila siku lilitakiwa kutosha.

"Niliwapa watu," alisema.

"Watu gani?"

"Watu wenye shida, huko Karantina."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Ndugu, mimi sikufanya sheria hii. Choo kile kikitumika Karantina, maji yale yale yanapotea, ila yanapotea Karantina. Nitarudi Jumapili. Nikikuta vipande vya vyote sita hapa, natia sahihi. Nisipokuta, jumba lako linatoka kwenye mpango. Lazima pia nimjulishe mwenye jumba kwa nini nimechelewa."

"Lazima?"

"Ni jumba lake."

Siku hiyo Roselyne alipiga simu kabla Elkanah hajajua aanze vipi. Alikuwa na sauti ya msichana. Alikuwa amepewa ruhusa ya kusafisha ile stoo ya nyuma. Alikuwa ametoa mazulia, ameosha kuta, na madam alikuwa amempa shuka kuukuu.

"Nimelikata nikaliweka pazia, Baba Alfayo. Lina maua ya bluu. Na kuna tundu la taa."

"Roselyne, kuna jambo."

Akamweleza yote, mpaka magoti ya Bi Zeinab.

"Huyo mama ni ndugu yako?" Roselyne aliuliza.

"Hapana."

"Mimi je?"

"Mama Alfayo, usiseme hivyo."

"Nimelala kando ya mashine za kufulia mwaka wa tano sasa. Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki kimoja. Nenda ukavunje."

Alhamisi Elkanah na Laban walikwenda Karantina na nyundo. Laban alianza na kiti chake mwenyewe. Alikikalia mara ya mwisho, akanywa chai, akainuka akasema, "Utawala umeanguka," akampa Elkanah nyundo. Elkanah alifumba macho akapiga. Vile viwili vya mwenye nyumba vilikuwa vimelala kwenye vumbi bila saruji, kuku amelala ndani ya kimoja. Wakamfukuza kuku. Elkanah akapiga tena, na kila pigo lilikwenda upesi kuliko lililotangulia. Aliniambia jambo hilo ndilo lililomtisha, kwamba mkono ulizoea haraka hivyo.

Bi Zeinab aliwapokea kwa furaha.

"Karibuni wanangu! Fundi wangu huyo! Ingieni, mahamri yangali moto. Mie siku hizi naenda chooni kama mke wa waziri. Naketi, nafikiri mambo yangu, nainuka peke yangu. Wasichana wamenisahau."

Elkanah alikula hamri moja. Aliiweka nyundo nyuma ya mlango, lakini nyundo haifichiki.

"Mwambie," alisema Laban.

"Mwambie wewe."

"Nani aniambie nini?" alisema Bi Zeinab.

Laban, kwa mara moja maishani mwake, alieleza jambo bila mzaha. Bi Zeinab alisikiliza akipangusa unga mikononi.

"Kwani hicho choo kimekosa nini?"

"Kinakunywa maji mengi, Bi," alisema Elkanah.

"Kinakunywa maji mengi? Baba, hapa bomba hatuna. Lile tangi lake mumeliacha tupu. Mie nakimwagia kwa kopo. Kopo moja! Huko kwa hao mabwana zenu kuna choo kinachokunywa kopo moja?"

Choo kile, siku ile, kilikuwa ndicho kinachotumia maji kidogo kuliko vyote Jeddah, na ndicho kilichotakiwa kufa.

"Huyo mkeo," Bi Zeinab aliuliza, "hamjaonana muda gani?"

"Mwaka wa tatu."

"Na yupo nchi hii hii?"

"Nchi hii hii."

"Lo. Mume wangu wa pili alikuwa Malindi, mie Mombasa, nikaona mbali. Haya. Nipisheni kwanza nikakiage."

Aliingia, akafunga pazia. Tulisimuliwa na Laban kwamba alikaa huko muda mrefu, akiimba. Alipotoka alisema, "Vunja sasa."

Elkanah alisimama juu ya choo kile ambacho saruji yake aliilainisha kwa kiganja chake mwenyewe. Nyundo aliinua mara moja, akaiteremsha polepole mpaka ikagusa sakafu. Akainua tena. Vile vingine havikuwa vimejengewa saruji. Hiki kilikuwa kimesimama mahali pake, na mwenye chombo alikuwa hai anatazama.

"Siwezi, Bi."

"Wee, lete hapa." Bi Zeinab akamnyang'anya nyundo. Pigo la kwanza liliruka bila kuacha alama. "Kigumu kama mume wangu wa kwanza!" alisema, na Laban akacheka kwa sauti isiyo yake. Pigo la pili likatoa kigae cha ukubwa wa sahani. Akaendelea kupiga, ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto kwa ajili ya magoti, mpaka likabaki shimo lile lile la zamani. Elkanah akaokota vipande akavitia guniani. Walipokuwa wakitoka, Bi Zeinab alimfungia mahamri kwenye gazeti.

"Mpelekee mkeo. Mwambie yametoka kwa Zeinab wa Karantina."

Jumapili mkaguzi alikuja, akamwaga gunia, akageuza vipande kwa ncha ya kiatu, akapiga picha. Alitia sahihi. "Mabruk," alimwambia Elkanah, na naamini alikusudia mema. Baadaye ofisi ile ililipa kama ilivyoahidi. Sina neno juu yake.

Elkanah alifunga begi lake. Lilikuwa begi moja tu, na shati la kanisani juu. Mahamri yalikuwa yamekauka, lakini aliyatia humo humo. Kisha akampigia bosi, na mara hii bosi aliipokea simu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa pale uani naye, nikisubiri tangi la chini lijae, na simu ya Elkanah ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka iwekwe kwenye spika.

"Baba, ofisi imelipa?"

"Imelipa. Umefanya kazi nzuri."

"Alhamdulilahi. Nije lini, baba?"

"Elkana, vile vyoo vilikuwa vya nani?"

"Vya jumba, baba."

"Jumba la nani?"

"Lako, baba."

"Uliniuliza kabla ya kuvipeleka Karantina?"

"Uliniambia nivivunje, baba. Vimevunjwa vyote. Mkaguzi amesema..."

"Kuvunja nilikwambia. Kugawa sikukwambia. Mkaguzi ananipigia simu mimi, ananiambia harisi wako amegawa vitu. Nimeona aibu. Mtu anayegawa mali yangu bila kuniuliza, nimpe gari langu na watoto wangu ndani yake?"

"Baba, vilikuwa vya kutupwa."

"Mafi baba, hakuna baba hapa. Kaa hapo Jeddah, tazama jumba. Tutaona mwakani. Halas."

Elkanah aliendelea kushika simu sikioni baada ya laini kukatika. Tangi likajaa, maji yakafurika uani yakapita katikati ya miguu yake, na hatukusogea kufunga, si yeye wala mimi. Nilimfikiria mzee aliyetandika mkeka pale pale. Kama angekuwa hai angesema, "Mpeni mwenye haja," halafu angeita wali. Lakini mzee alikuwa amelala makaburini na wakati wake umelala naye, na aliyerithi jumba hakurithi kitu kingine.

Wakati huo huo dereva wa kukimbiza gari alifukuzwa kweli. Akaletwa mwingine, Mwindonesia, mwenye mke. Wakapewa ile stoo ya nyuma. Roselyne ndiye aliyetumwa kuwaonyesha swichi ya taa. Pazia la maua ya bluu alitaka kulitoa, madam akamwambia liache, linapendeza.

Mkataba wa Roselyne ulipokwisha, hakuongeza. Alisema mtoto atamsahau sura. Elkanah aliomba ruhusa aende kumuaga uwanja wa ndege wa Riyadh, na sauti kwenye simu ikamjibu kwamba wiki hiyo wayeti zinachelewa, jumba lisiachwe. Roselyne alimpigia akiwa uwanjani.

"Baba Alfayo, vyoo vya hapa vina vitufe viwili. Nibonyeze kipi?"

"Hicho kidogo."

"Nimebonyeza. Hakuna kilichokwenda."

"Basi bonyeza kikubwa."

Alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, ndege yake ikaitwa.

Bi Zeinab alirudia shimo lake. Elkanah alimpigia chuma ukutani cha kushikilia, Ijumaa moja, na Bi Zeinab alimshukuru sana, lakini chuma hakiwezi kumwinua mtu kama mtu mwenyewe hana magoti. Ulipokuja wakati wa wasio na ikama, yaani kibali cha kuishi, kutakiwa kuondoka, alijipeleka mwenyewe, akarudishwa kwao, na sijui habari zake tena. Kuhusu jumba la Kandara, wapangaji waligundua kwamba kile kitufe kidogo hakifai kitu na kile kikubwa hakitoshi, wakawa wanabonyeza mara tatu. Wayeti yangu ilikwenda pale mara zile zile kama zamani.

Elkanah alikaa Jeddah mpaka bosi alipouza jumba. Sasa yuko nyumbani, na mimi niko nyumbani, na ua wa michongoma ndio unaotutenganisha. Alijenga nyumba ya mabati nzuri, ina vyumba vitatu, na yeye na mkewe wanalala chumba kimoja. Alfayo ni kijana mkubwa. Mwezi uliopita nilimwona amesimama barabarani na ajenti.

Watu wale wawili hawagombani. Sijasikia hata siku moja mmoja akimtukana mwenzake. Lakini wameishi kwa simu muda mrefu mno, na hawajui njia nyingine. Asubuhi nikitoka kutazama ng'ombe nawasikia ng'ambo ya ua, wamekaa meza moja, wakizungumza kwa sauti ya juu na maneno mafupi, kama watu wanaoogopa laini itakatika.

"Umeamka salama?"

"Salama. Umekula?"

"Nimekula. Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Haya basi."

"Haya."

Kisha wananyamaza, kila mmoja akisubiri mwenzake akate.